Elementi ya kwenda Mtumba kila siku na Iringa wikiendi: nilivyochagua hapa Dodoma

Elementi yangu ya kwanza, yaani helmeti ya pikipiki, niliinunua kwa dakika mbili. Elfu ishirini na tano, pembeni ya barabara, jamaa amezipanga juu ya turubai, nikachagua nyeusi kwa sababu pikipiki yangu ya Boxer nayo nyeusi, nikaijaribu ikaingia kichwani kirahisi kabisa, nikalipa nikaondoka. Nilikaa nayo mwaka na miezi kadhaa. Na huko kuingia kirahisi ndiko kulikuwa tatizo lenyewe, ila nilikuja kulijua siku naanguka.

Ilikuwa jioni natoka kazini Mtumba narudi nyumbani Kisasa, nimeshaacha lami naingia mtaani kwangu, kuna sehemu mvua ya juzi yake ilikuwa imeshusha mchanga katikati ya njia. Spidi haifiki thelathini. Tairi la mbele likazama kwenye mchanga, usukani ukageuka, nikaenda chini upande wa kulia, likatangulia bega halafu kichwa, na kabla kichwa hakijafika chini nikaisikia elementi inatoka. Mkanda haukukatika, ulikuwa umefungwa vile vile, elementi ilichomoka nzima nzima kama mtu anavyovua barakashia, ikabingirika mpaka ukutani kwa jirani. Nilishonwa nyuzi saba juu ya sikio. Nesi aliyenishona akaniuliza, "Kaka, hukuvaa elementi?" Nikamwambia nilivaa. Akanyamaza akaendelea kushona.

Nilipopata nafuu nikaichukua ile elementi nikaipasua katikati kwa msumeno wa chuma, nilitaka kuona nilikuwa nimevaa nini. Ganda la nje plastiki nyembamba, unaibonyeza kwa kidole gumba inaitikia. Ndani sponji laini la kitambaa, zuri tu kwa macho. Ukilitoa sponji ndio unakuta lile povu jeupe gumu, juu ya utosi lipo kidogo, unene haufiki hata wa kidole cha mwisho, ubavuni kwenye masikio hamna kabisa, na kwenye kidevu ni tupu, yaani ni plastiki imepinda tu ikaachwa uwazi ndani. Mkanda umeshikwa na ripiti moja ndogo kila upande. Nyuma kulikuwa na stika imeandikwa DOT, herufi tatu basi, niliibandua kwa ukucha ikatoka yote.

Ngoja nieleze hilo la povu maana wengi tunadhani kinachotulinda ni ganda. Ganda linasambaza kishindo, linazuia jiwe au chuma kisipenye, na linateleza kwenye lami badala ya kukwama. Anayeuokoa ubongo ni povu. Ni jamii ya lile la kwenye boksi la tivii ila lenye vipimo vyake, kichwa kikigonga linabonyea, na ule muda mfupi sana wa kubonyea ndio unaofanya ubongo usisimame ghafla ndani ya fuvu. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo elementi iliyopiga chini kisawasawa mara moja kazi yake imeisha, hata kama kwa nje inang'aa na mtu anakuuzia elfu kumi na tano "haijatumika sana bosi". Mtumba wa nguo sawa, mtumba wa elementi hapana, huwezi kujua ilishaangukia wapi.

Na hili la spidi pia nilikuwa nalielewa vibaya. Kanuni ya zamani ya Ulaya inaipima elementi kwa kuidondosha igonge chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde, ambayo ni kama kilometa 27 kwa saa, sasa mtu ukisikia hivyo unasema mbona ndogo, mimi natembea themanini. Lakini ukianguka, ile themanini ni ya kuteleza kwenda mbele, kichwa chenyewe kinaifikia lami kwa spidi ya kudondoka kutoka juu. Kichwa kilichoko mita 1.8 kutoka ardhini kikidondoka kinafika chini na spidi ya kama 21 kwa saa, na hapo pikipiki inaweza kuwa imesimama kabisa, umeteleza tu mguu kwenye kokoto. Ndio maana mimi sasa hivi navaa na kufunga hata nikienda kununua mkate. Ukigonga ubavu wa lori na themanini yako yote hiyo habari ni nyingine, hakuna elementi inayoahidi kitu pale. Ila kwa maanguko mengi ya kawaida tofauti ni kubwa, tafiti nyingi zilizokusanywa na kuchambuliwa pamoja zilionyesha elementi inapunguza uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi na wa kufa kwa asilimia 42 hivi. Na hizo ni zile zinazobaki kichwani.

Haya, baada ya kuipasua nikaanza kutafuta ya kununua, na nilichukua karibu mwezi mzima, kila Jumamosi nazunguka mjini.

Kitu cha kwanza nilichojifunza kuangalia ni lebo, na ile ya Ulaya haipo nyuma ya ganda, ipo kwenye mkanda wa kidevuni, imeshonwa, wakati mwingine imejificha chini ya kitambaa, geuza utaiona. Inaitwa ECE, ina herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake, E1 Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E9 Hispania, E11 Uingereza. Hiyo ni nchi iliyotoa kibali, sio ilikotengenezwa, kwa hiyo ukikuta E9 halafu imeandikwa imetengenezwa China usikimbie, ni kawaida kabisa. Chini yake kuna namba ndefu, ikianza na 05 ni kanuni ya 22.05 ya zamani, ikianza na 06 ni 22.06 iliyoanza 2021, na tangu Januari 2024 viwanda vinavyouza Ulaya vinatakiwa kutengeneza hiyo mpya tu. Mpya ina mtihani mgumu zaidi, inapigwa kwa spidi tofauti tofauti mpaka mita 8.2 kwa sekunde, inapigwa sehemu nyingi zaidi, na kuna kipimo cha pigo la pembeni linalozungusha kichwa, maana ubongo unaumia sana ukizungushwa ghafla. Kisha kuna herufi baada ya namba: P maana yake kidevu kinalinda, J ni ile ya wazi isiyo na kidevu, P/J ni ile ya kufunua ambayo imepita mtihani ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, na NP maana yake kidevu kipo ila hakilindi. Hiyo NP uwe nayo makini sana, kwa macho inafanana na nyingine zote.

DOT ni ya Marekani, na kule kiwanda kinajithibitisha chenyewe halafu serikali inakuja kununua baadhi na kuzipima baadaye. Sio kwamba DOT ni mbaya, zipo nzuri sana zenye DOT, ila stika ni rahisi mno kuchapisha. Stika halisi ya sasa ina jina la kiwanda, modeli, halafu DOT, chini yake FMVSS No. 218 na neno CERTIFIED. Ukikuta herufi tatu peke yake kama zile zangu, weka chini uendelee na safari.

Za India zina alama ya ISI, kiwango chao ni IS 4151, na tangu Juni 2021 India wenyewe walikataza kuuza elementi isiyo na alama hiyo. Hizi hapa Dodoma zinapatikana kuliko za ECE na bei yake inafikika, nitarudi kwenye hilo chini. Zipo na zenye alama ya Snell, taasisi binafsi ya Marekani inayopima elementi, na kuna mpango wa serikali ya Uingereza unaitwa SHARP unaozipa elementi nyota moja mpaka tano, ulianza 2007, unaingia kwenye simu unatafuta modeli yako bure.

Sasa lebo ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kichwa chako, na kwangu mimi hii nusu ya pili ndio iliyonishonesha nyuzi saba. Kwanza nilikuwa sijui saizi yangu. Nilivyoanguka nilikuwa nimevaa XL, ambayo kwa wengi ni kichwa cha sentimita 61 mpaka 62. Nilipoenda kupimwa nikakutwa na 58. Hebu fikiria, mzunguko wake umekizidi kichwa kwa sentimita tatu nne.

Duka la kwanza nililoingia kijana hata kujaribu hakutaka, ananiambia utaichafua braza, chukua XL kichwa chako kikubwa, ikilegea utavaa kofia ndani. Nikaondoka. La pili walikuwa na nzuri ila saizi moja tu kwa watu wote. La tatu ndio nililonunua, liko katikati ya mji kwenye zile barabara za namba, chumba kidogo tu, na muuzaji ni baba mtu mzima ambaye kabla hajanionyesha chochote aliniuliza, "Kijana, unajua kipimo chako?" Nikasema hapana. Akanituma kwa fundi cherehani barazani kwa jirani.

"Shikamoo mama, naomba futi yako kidogo nipime kichwa."

"Marahaba mwanangu. Unashona kofia?"

"Nanunua elementi mama."

Akacheka, halafu akanipima mwenyewe, akaizungusha futi juu ya nyusi kama vidole viwili, ikapita juu ya masikio ikazunguka nyuma pale kisogo kinapotokeza zaidi, akarudia mara mbili. "Hamsini na nane. Marehemu kaka yangu naye alikuwa wa pikipiki." Hakuendelea na mimi sikuuliza. Nikamrudishia futi yake nikamshukuru.

Yule baba akanipa M mbili za kampuni mbili tofauti, zote kwenye karatasi zao zinasema 57 mpaka 58. Akaniambia vaa hii ya kwanza, kaa pale kwenye benchi, usiivue mpaka nikwambie. Nikakaa. Wateja wanaingia wanatoka mimi nimekaa na elementi kama dakika kumi na tano hivi, akaja akasema vua. Katikati ya paji la uso kulikuwa na alama nyekundu saizi ya sarafu, na kweli dakika za mwisho pale palikuwa panauma. Akasema umbo lako ni la yai, hii imetengenezwa kwa kichwa cha duara, ukienda nayo Kibaigwa tu utakuwa unaivua njiani. Nikavaa ya pili. Kuingia iliingia kwa shida, unavuta mikanda yote miwili kwenda nje kupanua mdomo wake halafu unasukuma, masikio yanakunjamana kidogo, mashavu yamebanwa mpaka nikiongea naona kama nitajing'ata. Dakika kumi na tano tena. Hamna alama, hamna maumivu, mbano ni ule ule pande zote.

Kisha akafanya kitu ambacho naomba kila mtu akifanye kabla hajatoa hela. Nimefunga mkanda, akaja nyuma yangu akaingiza vidole chini ya ukingo wa nyuma, akavuta kwenda juu na mbele kwa nguvu kama anataka kunivua. Ngozi ya paji ikavutika, elementi ikagoma. Akashika kidevuni akazungusha kushoto kulia, na ngozi ya mashavu ikaenda nayo pamoja. Nikamwambia ngoja nikuletee ile niliyoanguka nayo nikuonyeshe, akasema sina haja, naziona kila siku zikipita hapa nje.

Kwa duka nawapa alama zote upande wa huduma. Chumba ni kidogo, kioo cha kujitazamia hakuna, risiti niliomba mara mbili ndio nikapewa, na saizi ndogo za akina mama zilikuwa zimeisha. Lakini mtu anayekuacha ukae na bidhaa yake kichwani nusu saa nzima na jasho lako, na anayekuambia hii isikupeleke nyumbani wakati ndio iliyokuwa ya bei kubwa, huyo nitamrudia.

Niliyochukua ni fulu fesi, ile inayofunika uso wote mpaka kidevu, nyeupe, ECE 22.06, herufi P, ganda la thermoplastiki, ina kioo cheusi cha ndani cha kushusha kwa kitufe, mkanda wa kifungo cha meno meno ambacho unakaza mpaka kinapobana. Laki tatu na ishirini. Uzito niliupima kwenye mzani wa muuza maharage ikaja kilo moja na nusu kasoro kidogo. Chapa siitaji makusudi, maana nikiitaja utaenda kuitafuta chapa na kichwa chako huenda ni cha duara, ikakuuma paji kama ile nyingine ilivyoniuma mimi.

Nyeupe nilichagua kwa sababu mbili. Jua la hapa mnalijua. Na kuna utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2004 ambao ulikuta waliovaa elementi nyeupe walikuwa na ajali za kuumia chache kuliko waliovaa nyeusi, kama asilimia 24 pungufu, wenye magari wanawaona mapema. Kwenye barabara ya Morogoro jioni malori yanapishana na kila mtu ana haraka, nataka nionekane.

Ya wazi isiyo na kidevu niliifikiria sana kwa sababu ya joto, nusu ya wenzangu kazini wanavaa hizo. Ila mimi nilianguka kwa ubavu wa uso, nikaona siwezi. Ya kufunua kidevu nayo nilijaribu, ni raha kwa mtu wa miwani na kwa kusimama kuuliza njia, lakini zilizokuwepo zilikuwa nzito, shingo iliisikia palepale dukani.

Sasa matumizi. Kila siku naenda Mtumba asubuhi na kurudi jioni, na wanaoijua hii njia wanajua mateso yake: Mtumba iko mashariki ya mji, kwa hiyo asubuhi unaenda jua liko usoni na jioni unarudi jua liko usoni tena. Zamani nilikuwa naendesha mkono mmoja umekinga macho. Kioo cheusi cha ndani kimemaliza hilo, nashusha kwa kidole gumba cha kushoto, nikiingia kwenye kivuli au giza likianza napandisha. Kama elementi yako ina kioo kimoja tu na ni cheusi, ile ya kupendezea, usiku ukiwa barabarani huoni shimo wala mtu aliyevaa nguo nyeusi, nunua na kioo cheupe ubadilishe.

Joto lipo, sitasema halipo. Mwezi wa kumi na moja kabla mvua hazijaanza, ukisimama kwenye foleni jasho linashuka mpaka kwenye nyusi. Matundu ya hewa yako mawili mbele na moja juu, yanafanya kazi ukiwa unatembea kuanzia arobaini hivi, chini ya hapo nafungua kioo kidole kimoja. Vumbi linaingia kwenye yale matundu, nayasafisha na mswaki wa zamani kila wiki. Na hapa ndio kasoro ya kwanza niliyoiona: kitufe cha kioo cheusi kimeanza kuwa kigumu, vumbi letu jekundu limeingia kwenye njia yake, kuna siku kiligoma katikati, nusu juu nusu chini, nikasimama pembeni nikakipandisha kwa mkono. Elementi iliyotengenezwa kwa barabara safi inahitaji kusafishwa mara mbili zaidi ukiileta huku.

Safari ndefu ya kwanza nilienda Kondoa, kama kilometa 160, lami tupu, nikaendelea mpaka Kolo kwenye michoro ya miambani ambayo iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Ule upepo wa ubavuni ukishatoka mjini ndio mtihani wa elementi. Ile ya zamani kwenye upepo ilikuwa inanivuta kichwa, mkanda unanikaba koo, unajikuta unaendesha shingo imekaza saa nzima. Hii imetulia, ukigeuza kichwa kuangalia nyuma ndio unausikia upepo unaigonga, ukirudi mbele inatulia. Kelele zipo, kuanzia themanini mlio wa upepo unaufunika wa injini, nikafika Kondoa masikio yanavuma mpaka usiku. Sasa hivi safari ndefu naweka vile vizibo laini vya masikio vya duka la dawa, honi ya lori bado naisikia vizuri, na nikifika sichoki kama mwanzo. Mjini siviweki.

Ya pili ilikuwa Iringa kupitia Mtera, mwezi wa saba, na nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baridi. Hapa ikatokea kasoro ya pili, kioo kikaanza kujaa mvuke, ukipumua kinakuwa cheupe, ukifungua upepo wa baridi unakata macho, ukifunga huoni. Nilitembea kioo kikiwa wazi kidole kimoja mpaka jua lilipotoka. Kioo chake kina vipini viwili pembeni vya kupachika kile kioo chembamba cha pili cha kuzuia mvuke, Pinlock, ila chenyewe kwenye boksi hakikuwemo, unanunua mbali. Kama unasafiri nyanda za juu, Iringa, Njombe, Mbeya, uliza mapema kama kimo. Nilichofurahi ni kule kwenye milima ya Nyang'oro, kona juu ya kona, unageuza shingo kila sekunde kutafuta mwisho wa kona, na upana wa kuona pembeni ulikuwa mzuri, sikuwahi kukatwa na ukingo wa elementi. Nilifika Iringa nikaivua, paji halina alama. Kwangu hapo ndipo laki tatu na ishirini ilipolipa.

Kurudi niliwakuta wadudu jioni karibu na bwawa, kioo chote kimejaa. Usikifute kikavu, vumbi la kwetu ni kama msasa, utakichora halafu usiku kila taa ya gari inakuwa na miale mingi. Lowanisha kitambaa, kilaze juu ya kioo dakika tano, wadudu wanalainika, halafu futa taratibu kwa maji na sabuni kidogo. Petroli, tina na dawa za kung'arisha dashibodi usiguse kabisa, zinaila plastiki ya kioo na hata ganda bila wewe kuona. Na tusiitundike kwenye sait mira, ile ncha ya kioo inabonyeza povu la ndani kidogo kidogo kila siku.

Niseme na la abiria, maana sheria inamtaka na yeye avae na wengi tunampa ile mbovu. Mama watoto kichwa chake ni 55 akiwa amekata nywele, akisuka rasta kinafika 58. Elementi aliyopimiwa akiwa na nywele fupi haikuingia mwezi uliofuata, na ile ya kuingia juu ya rasta ilicheza siku alipofumua. Tumekubaliana akisuka anasuka za kulala, zisizofungwa fundo kisogoni, na tulienda dukani siku amesuka hivyo. Tulipata ya India ya ISI, fulu fesi, elfu tisini na tano, tukaivuta kutoka nyuma kama alivyonifundisha yule baba, ikagoma kutoka. Kioo chake ni chembamba na matundu yake ya hewa ni ya mapambo, ila povu lipo mpaka kwenye mashavu, nililitazama kabla sijalipa, unavuta sponji pembeni kidogo unachungulia. Wale wanaolalamikia jasho la elementi ya bodaboda wana haki kabisa, ila kofia laini ya pamba ya elfu moja unaibeba kwenye pochi, unavaa ndani, ni nyembamba haibadilishi saizi.

Kwa hiyo mtu mwenye laki moja, ningemshauri achukue hiyo ya ISI inayombana vizuri, aiache ECE ya saizi mbaya aliyopewa na ndugu yake kutoka nje. Mwenye laki tatu na kuendelea na anasafiri, 22.06 yenye kioo cheusi cha ndani na nafasi ya Pinlock. Chini ya elfu arobaini sijaona hata moja niliyoweza kuchungulia ndani nikakuta povu la maana, na nimechungulia nyingi.

Sponji jipya linalegea baada ya miezi michache, ndio maana dukani lazima ibane kuliko unavyopenda. Yangu ililegea kidogo mwezi wa tatu ikawa sawa kabisa. Sponji za mashavu zinatoka, nazifua kwa mkono Jumapili na sabuni ya kipande, kivulini zinakauka jioni hiyo hiyo. Ndani ya ganda nimeandika kwa maka pen mwezi na mwaka niliyonunua, maana watengenezaji wengi wanasema ibadilishwe baada ya miaka mitano hivi hata kama hujaanguka, gundi na sponji vinazeeka na jasho na jua.

Kioo cha akiba nimeshaagiza kwa yule yule baba, elfu arobaini na tano, kinakuja na basi kutoka Dar, pamoja na Pinlock yake. Mwezi wa sita nataka kwenda Singida mpaka Babati nirudie njia ya Kondoa, kikifika kabla ya hapo nitaenda nacho.